Mshahara una tarehe yake na ada ina yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala unaoendelea kuhusu wafanyakazi wa mishahara midogo na suala la akiba. Wengi waliotangulia kuandika wamemtwika lawama mfanyakazi mwenyewe: kwamba anakunywa soda kila mchana, ananunua rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, njiani badala ya kupika, anajaza bando la intaneti kwenye simu, na ndiyo maana mshahara humwishia kabla mwezi haujafika katikati. Mimi ni karani wa stoo katika kiwanda kimoja hapa Jinja, Uganda, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba na mikopo mtaani Walukuba, kwa hiyo daftari za watu wanaoishi kwa mshahara wa kijungujiko hupita mikononi mwangu kila wiki. Ninavyoona mimi, soda na rolex ni mambo madogo. Kinachowamaliza watu ni tarehe. Pesa huingia siku moja, mahitaji makubwa huja siku nyingine, na pengo la katikati huzibwa kwa mkopo wa bei mbaya.

Tuchukue mfanyakazi ambaye mshahara wake kabla ya makato ni shilingi 400,000. Kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyowekwa mwaka 2012, shilingi 235,000 za kwanza hazikatwi kitu, 100,000 zinazofuata hukatwa asilimia 10, na 65,000 zinazobaki hukatwa asilimia 20, jumla 23,000. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, huchukua asilimia 5, yaani 20,000. Mkononi zinabaki 357,000, na kati ya Julai na Oktoba huguswa tena kwa kodi ya huduma inayokwenda serikali za mitaa. Humo atoe kodi ya chumba, unga wa posho (ugali), makaa, mukene (dagaa) wa Masese, umeme wa Yaka unaolipiwa kabla ya kutumika, na nauli. Akipanga vizuri, mwezi wa kawaida ataufikisha mwisho, na wapo wengi wanaoufikisha bila kumkopa mtu. Tatizo ni kwamba mwaka hauna miezi 12 ya kawaida. Shule hufunguliwa Februari, kisha Mei, kisha Septemba, na kila mara mzazi hudaiwa ada pamoja na rimu za karatasi, fagio, sukari na karatasi za chooni. Desemba waajiri wengi hulipa mapema, karibu na tarehe 20, ili watu wasafiri kwa sikukuu, na watu hushukuru kweli. Mshahara unaofuata hutoka mwisho wa Januari. Hizo ni kama siku 40 za kula pesa ya siku 30, na zinapokwisha ndipo milango ya shule inapofunguliwa. Anayeshangaa kwa nini wakopeshaji wa mtaani hufanya biashara nzuri Januari na afungue kalenda.

Mkopo wenyewe uko hivi. Wakopeshaji wa mtaani kwetu hutoa 100,000 tarehe 18 au 20 na kudai 120,000 mshahara unapotoka. Anayekopa hivyo kila mwezi hulipa riba ya 240,000 kwa mwaka kwa kuzungusha laki moja ile ile. Mwishoni mwa mwaka 2024 Wizara ya Fedha iliweka kikomo cha riba ya wakopeshaji kuwa asilimia 2.8 kwa mwezi, na kanuni zilizotungwa chini ya sheria ya mwaka 2016 zinawakataza kushika kitambulisho cha taifa au kadi ya benki ya mkopaji kuwa dhamana. Kama kikomo hicho kingefuatwa, riba ya mkopo ule ingekuwa 2,800. Lakini mtu aliyekwama tarehe 18, na mtoto ana homa, hana nafasi ya kubishana kuhusu kanuni, na mkopeshaji analijua hilo. Kadi na namba ya siri hubaki kwenye droo yake, na mwisho wa mwezi yeye ndiye anayetangulia kwenye mashine ya kutolea pesa.

Kwa hiyo ninaposikia wataalamu wa redioni wakimwambia mtu wa namna hii aanze kwa kujiwekea akiba ya kumtosha miezi sita, huona kwamba hawajawahi kukaa naye mezani na kupiga hesabu. Lengo lake la kwanza linapaswa kuwa dogo zaidi na lenye faida kubwa zaidi: kuufuta mkopo wa kila mwezi. Hahitaji kuufuta kwa siku moja. Mwezi huu akope 90,000 badala ya 100,000, mwezi ujao 80,000, na kuendelea. Kila 10,000 anayoipunguza kwenye mkopo humbakishia 2,000 kila mwezi unaofuata, na hakuna benki nchini inayotoa faida ya namna hiyo kwa mteja. Mkopo ukishafika sifuri, zile 20,000 zilizokuwa za mkopeshaji ni za kwake, na hapo ndipo neno akiba linapoanza kuwa na maana kwa mtu wa mshahara mdogo.

Kuhusu mahali pa kuiweka akiba hiyo, nitasema zaidi juu ya kikundi kwa sababu ndicho ninachokifahamu. Utaratibu wa vikundi hivi, ulioanzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, umeenea Uganda mijini na vijijini, na wasomaji wengi wanaujua: sanduku la chuma lenye makufuli matatu, na funguo tatu mikononi mwa wanachama watatu tofauti. Mimi mweka hazina sina ufunguo hata mmoja. Jumapili alasiri mwanachama huitwa kwa namba yake, huweka pesa kwenye beseni la plastiki mbele ya watu wote, wawili huzihesabu kwa sauti, na katibu hugonga muhuri kwenye kitabu chake, muhuri mmoja kwa kila hisa, yaani kila fungu la akiba la kiasi tulichokubaliana. Kabla ya kutawanyika kila mtu hutajiwa kiasi kilichomo na hutakiwa kukikumbuka wiki ijayo. Anayeacha simu ilie kikaoni hutozwa faini, na faini za simu zimetusaidia sana.

Utaratibu huu ulibuniwa kwa watu wanaopata kidogo kidogo, kama mama wa sokoni au mwendesha boda. Mtu wa mshahara ana pesa wiki moja na wiki tatu hana. Kanuni ya kawaida inaruhusu hisa moja hadi tano kwa kikao, kwa hiyo wenzetu wa viwandani walinunua hisa tano wiki ya mshahara, kisha wakaanza kukwepa vikao kwa aibu ya kuja mikono mitupu, na mwishowe wakaacha kabisa. Tulibadilisha kanuni: anayelipwa kwa mwezi anaruhusiwa kulipia vikao vyote vya mwezi katika Jumapili ya kwanza baada ya mshahara, na katibu humgongea mihuri kila wiki hata kama yuko zamu. Pesa huingia sandukuni kabla mkopeshaji na muuza duka hawajaiona.

Badiliko la pili lilileta ugomvi. Vikundi vingi hugawana mwishoni mwa mwaka, wiki moja au mbili kabla ya Krismasi, na wote tunajua pesa hiyo huishia wapi. Kwetu lilitolewa wazo la kuvunja sanduku Jumapili ya mwisho ya Januari. Akina mama wawili wazee walipinga kwa hoja nzito, kwamba sikukuu ndiyo siku pekee wajukuu wanakula nyama hadi kushiba na kwamba mtu haishi kwa ajili ya ada tu. Tukakubaliana kugawana sehemu ndogo Desemba na sehemu kubwa Januari. Tangu hapo maombi ya mikopo ya dharura ya mwezi huo yamepungua kikundini, na wenzangu wanaolipa ada muhula wa kwanza hawasubiri mshahara. Nadhani hili ndilo jambo ambalo kikundi chochote kinaweza kulijaribu bila msaada wa serikali wala mfadhili: kutazama pesa ya wanachama inahitajika lini, na kulipanga sanduku kwa tarehe hizo. Akina mama wa nigiina, wanaochangiana kwa zamu, wamekuwa wakifanya hivyo siku zote, maana kila mmoja huomba zamu yake iangukie wiki anayoijua mwenyewe.

Sanduku lina hatari zake, sikatai. Linapojaa linavutia wezi, na kikundi kikubwa kinafaa kuwa na akaunti. Aliye na akaunti benki analindwa na Mfuko wa Kulinda Amana hadi shilingi milioni 10 katika kila benki, lakini amana za sacco, yaani ushirika wa akiba na mikopo, haziko chini ya ulinzi huo, hivyo anayejiunga na sacco aulize mapema nani anaisimamia na hesabu zake zinakaguliwa lini. Kuweka kwenye simu ni rahisi, ila kutoa ni rahisi vilevile, na tangu mwaka 2018 kila anayetoa hulipa serikali kodi juu ya makato ya kampuni, leo asilimia 0.5.

Wapo wanaosema michango ndiyo inayotuua. Hapa natofautisha. Mabugo, yaani michango ya rambirambi kwa waliofiwa, ni bima ya maskini. Anayechanga leo atachangiwa kesho, na kikundi chetu kina mfuko wake wa jamii kwa ajili hiyo. Kamati za harusi ni jambo jingine. Mtu kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa, kisha jina lake kutajwa kila Jumamosi kwa sababu hajatimiza ahadi ya keki ya bwana harusi ambaye hawajawahi kula naye, huo ni utozaji, na mfanyakazi ana haki ya kutoka kwenye kundi hilo bila kuaga.

Waajiri nao wana sehemu yao, na ningependa gazeti lako liwaulize. Kwa marekebisho ya mwaka 2022, kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anatakiwa kupeleka NSSF asilimia 5 aliyoikata pamoja na asilimia 10 yake mwenyewe. Kwa mshahara wa 400,000 sehemu ya mwajiri ni 40,000 kwa mwezi, au 480,000 kwa mwaka, ambayo ni zaidi ya mshahara mzima wa mwezi. Asiyesajiliwa anaipoteza. Asilimia 5 ikikatwa na kuishia njiani, mfanyakazi ameibiwa mara mbili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa hati inayoonyesha mshahara na kila kato. Aidai, kisha ailinganishe na taarifa ya NSSF kwenye simu yake. Marekebisho hayo hayo yanamruhusu mwanachama aliyefikisha miaka 45 na kuchangia miaka 10 kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Nawashauri wenzangu wasiikimbilie kwa ajili ya ada ya muhula mmoja.

Sitaki kueleweka kwamba mpangilio wa tarehe unatosha kwa kila mtu. Mshahara wa chini wa kisheria nchini bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi, uliowekwa mwaka 1984. Mswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 kuubadilisha haukutiwa saini na Rais. Anayelipwa 120,000 kwa kulinda geti usiku kucha hana cha kupanga, na kumhubiria akiba ni kumtania. Barua hii inamhusu yule aliye juu kidogo ya hapo, ambaye mwezi wa kawaida unamtosha na mwezi wa ada unamwangusha.

Kwa ajili yake naomba mambo mawili. Wakuu wa shule wakubali kwa maandishi kupokea ada kwa awamu tatu katika muhula, kila awamu baada ya mwisho wa mwezi, badala ya kumrudisha mtoto nyumbani tarehe 12, siku ambayo hakuna mfanyakazi mwenye pesa. Wenye viwanda wa Jinja na Njeru nao watangaze kabla ya Oktoba tarehe ya mshahara wa Desemba na ule wa Januari, na wanaotaka kulipa mapema kwa sikukuu walipe nusu mapema na nusu tarehe 31, ili vikundi vyetu vipange mgao kwa kujua pesa inaingia lini.

Wako,
Mweka hazina wa kikundi cha akiba,
Walukuba, Jinja