Kwa vijana wa Katuba wanaoimba na kuchora kwa ajili ya haki

Wanangu,

Niliwaona mkirudi kutoka kwenye maandamano ya maji, koo zimewakauka, mkiulizana kama usanii una faida yoyote mahali ambapo ofisi haijibu hata barua. Nimechora mabango ya maduka hapa Lubumbashi tangu ujana wangu, kwa hiyo niruhusuni niseme juu ya siku zinazofuata maandamano, kwa maana ndizo zinazoyavunja makundi.

Mnamo Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waligoma wakidai mishahara, na askari wa serikali ya kikoloni wakawapiga risasi uwanjani, katika mji huu huu ulioitwa Élisabethville. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mchoraji wa mji huu, Tshibumba Kanda Matulu, aliichora historia ya nchi yetu ya Kongo katika picha zipatazo 100, nyingi zikiwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na mauaji yale hakuyaacha nje. Wakati huo picha za wachoraji wetu zilitundikwa sebuleni katika nyumba za wafanyakazi, na mtoto aliyekula bukari (ugali wetu) chini ya picha ya mtu anayechapwa fimbo aliuliza huyo ni nani, ikambidi mzazi ajibu.

Kwa hiyo msiishie barabarani. Tungeni wimbo ambao mama ataweza kuuimba akiwa kwenye foleni ya ndoo, tena kwa Kiswahili cha Katuba, pamoja na Kifaransa chake chote (hiki changu cha barua kiacheni kwenye barua). Chorani bomba lililokauka, na pembeni mwandike avenyu na tarehe, ili mtu asije kusema kwamba halikuwa letu. Fanyeni mazoezi hata wiki ambayo hakuna maandamano, ijapokuwa mtakuja watu wanne tu.

Kuhusu fedha, mjihadhari. Kundi letu liliwahi kupewa ngoma mpya na mgombea mmoja. Baada ya muda akaomba tuuondoe ubeti wa mishahara, nasi tukauondoa. Tangu hapo watu waliendelea kutupigia makofi, lakini hakuna aliyeimba pamoja nasi. Afadhali mchangishane wenyewe, hata kama ngoma itakuwa ndoo.

Nina makopo matatu ya rangi ya mafuta, yamebaki nusu nusu. Jumamosi mje kuyachukua kabla hayajakauka.

Mzee wenu, mchora mabango