Liya Kebede si sura tu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mwanamitindo wa Ethiopia Liya Kebede ilisifu shingo na macho yake, kisha ikamaliza kwa neno "bahati". Pia ilimwita Msomali. Huenda mwandishi alichanganywa na filamu ya mwaka 2009, Desert Flower, ambamo Liya aliigiza kama mwanamitindo mwingine, Waris Dirie. Waris ndiye Msomali. Liya ni mzaliwa wa Addis Ababa, mwaka 1978, na alisoma Lycée Guebre-Mariam, shule ya Kifaransa, kwa hiyo alipokwenda Paris hakuanzia kwenye kujifunza lugha. Hata hivyo jina halikupatikana huko. Alihamia Marekani, Chicago kwanza, halafu New York, na mlango ukafunguka mwaka 2000, mbunifu Tom Ford alipomtaka atembee jukwaani kwa nyumba ya mitindo ya Gucci peke yake, si kwa nyingine yoyote.

Hilo "peke yake" mmelipita haraka. Mwanamitindo anayeanza hukimbilia maonyesho mengi kadiri awezavyo katika msimu mmoja, na baadhi ya maonyesho hayo hulipa kwa nguo badala ya fedha. Anayefungwa na nyumba moja huwakatalia wengine wote. Nyumba hiyo ikibadili mawazo usiku wa kupima nguo, na hutokea, msimu wake umekwisha na mkononi hana kitu. Akipanda jukwaani, kila mchagua sura ukumbini huuliza huyu ni nani hata akafichwa hivi. Kwa Liya karata ilikubali: Mei 2002 jarida la Vogue la Paris lilimweka jaladani na kulitoa toleo zima kwake, na mwaka 2003 kampuni ya vipodozi Estée Lauder ikamchukua, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa sura ya kampuni hiyo tangu ilipoanzishwa mwaka 1946.

Fedha ya kazi hii imo zaidi kwenye vipodozi kuliko jukwaani. Onyesho hulipwa mara moja. Mkataba wa vipodozi hulipia siku za kupiga picha, na juu yake haki ya kuzitumia: katika nchi zipi, kwenye vyombo gani, kwa muda gani. Humzuia pia mwanamitindo kutangaza vipodozi vya wengine. Wasichana wengi huumia kwenye kipengele cha muda. Kikiachwa wazi, sura yako itauza krimu miaka kumi kwa malipo ya siku mbili. Halafu kuna makato. Wakala wa New York kwa kawaida huchukua asilimia 20, kwa hiyo katika dola 1,000 zinabaki 800, kabla ya kodi, na kabla ya tiketi, pango na picha za majaribio ambazo wakala alizitanguliza. Zile hazikuwa zawadi, ni deni.

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilimteua balozi wa afya ya mama na mtoto. Hilo mmelieleza vizuri. Lakini Lemlem, chapa ya nguo za kufumwa kwa mkono Ethiopia aliyoianzisha mwaka 2007, mmeipa sentensi moja, na humo ndimo mna kazi ya kusimulia.

Wafumaji wengi wa Addis Ababa asili yao ni nyanda za juu za Gamo, kusini mwa Ethiopia, na Wadorze, watu wa huko, ndio wanaosifika zaidi. Mfumaji huketi ukingoni mwa shimo, miguu ikikanyaga vikanyagio chini, na hurusha uzi wa mshindio, ule unaopita kwa upana, kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kwa kuwa mikono ina mwisho, kitambaa hutoka chembamba. Hata netela, shuka la kujitanda la Kiethiopia, huunganishwa vipande. Mbunifu akichora gauni la kubana, lenye mikato mingi, ataula upana wote kwa mabaki. Ndiyo maana nguo za namna hii huwa pana na zilizolegea, na mistari ya pindo hufanywa pambo. Pamba ya mkono hurudi, yaani hupungua, ikifuliwa, basi ioshwe kabla ya kukatwa. Ukingo wake hufumuka, basi ukunjwe mara mbili. Rangi ya nyuzi za mtande mmoja, zile za urefu, itoke chungu kimoja, la sivyo mkono wa kushoto hautafanana na wa kulia.

Kalenda nayo ina vita vyake. Sikukuu ya Kikristo ya Meskel huangukia mwishoni mwa Septemba, na wafumaji hurudi kwao Gamo. Duka la New York halijui Meskel. Linajua tarehe ya kupokea mzigo.

Kisha, tarehe 1 Januari 2022, Marekani iliiondoa Ethiopia katika AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, na nguo zilizokuwa zikiingia huko bila ushuru zikaanza kulipiwa. Tungependa mwandishi wenu atuandikie hesabu hiyo: ushuru ulioongezeka unabebwa na mnunuzi, na mwenye chapa, au unashushwa kwenye ujira wa mfumaji?

Wasomaji wenu, mafundi wa kushona,
Arusha