Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: nafuatiliwa na nani?

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi,

Jumanne nilitoka Kiborloni alfajiri, nikawa wa nne kwenye foleni ya maabara yako. Binti wa dirishani, namshukuru kwa adabu yake, alinirudishia karatasi: "Mzee wangu, vitendanishi vya PSA bado. Jaribu mwezi ujao." PSA ni kipimo cha damu cha kufuatilia tezi dume, na vitendanishi ni dawa za kukipimia. Ni mara ya tatu nakikosa.

Nina saratani ya tezi dume. Mwaka jana walipochukua kinyama cha tezi kukipima, Gleason, yaani alama ya ukali wa saratani, ilikuwa 6, PSA 6.4. Daktari wako alinikalisha akanieleza kuwa ya daraja hili hukua polepole, na kwamba kisu au mionzi vingeweza kuniacha navuja mkojo na nguvu za kiume zimekwisha, kwa ugonjwa ambao pengine usingenisumbua. Uingereza waligawa wanaume 1,643: wengine wakafuatiliwa kwa vipimo tu, wengine wakapasuliwa, wengine wakapewa mionzi. Baada ya miaka 15, takriban 97 katika kila 100 hawakufa kwa saratani hiyo, kundi lolote lile. Nikakubali kufuatiliwa.

Lakini daktari hakunificha: katika kundi la kufuatiliwa saratani ilisambaa kwa watu 9 katika 100, karibu mara mbili ya waliopasuliwa. Ndiyo maana PSA ni kila miezi 6, daktari kupapasa tezi kwa kidole kila mwaka, na kuchukua kinyama tena. Bila kipimo, mheshimiwa, mimi nafuatiliwa na nani?

Februari, mbele yetu ukumbini, ulisema kwa kinywa chako hakuna mzee atakayerudishwa tena. Nilikupigia makofi. Wapo wanaosema oda ilichelewa kupelekwa. Mimi nadhani sisi tunaonekana wazima kwa sababu tunakuja kwa miguu yetu.

Mara ya pili niliuza mikungu sita ya ndizi, nikapima maabara ya binafsi. Daktari akasema mashine ni nyingine, namba hailingani vizuri na za kwanza. Mama watoto haniulizi tena kitu. Usiku nikiamka kwenda msalani huwasha taa, akakaa kitandani mpaka nirudi.

Siombi dawa. Siombi kitanda. Naomba kipimo. Karatasi yangu imeandikwa tarehe 14, na siku hiyo nitakuwa dirishani kwako tangu saa 12 asubuhi. Kipimo kiwepo, mheshimiwa.

Mgonjwa wako,
Kiborloni, Moshi