Mafuta ya nanaa na kipimo cha kamera ya tumbo

Siku hizi wateja wetu wa hapa Lamu wanaotumwa Malindi au Mombasa kupimwa tumbo kwa kamera wana ombi jipya: wanataka kichupa cha mafuta ya nanaa wanywe alfajiri ya kipimo, "tumbo litulie". Wamesikia kuwa madaktari wa Japani hutumia nanaa. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Mafuta tunayo, na pesa nani hazitaki? Ila kwa kazi hiyo hatuuzi.

Tumbo halitulii. Hujikunja kwa mawimbi, kama matatu kwa dakika, likisukuma chakula kuelekea kwenye utumbo. Daktari anayetafuta kidonda kidogo au saratani changa hupata tabu, maana mkunjo ukipita hulifunika doa analolikagua. Ndiyo maana wengine hudungwa sindano ya hayosini ili misuli ilegee. Ni dawa nzuri, lakini huupeleka moyo mbio, na haiwafai baadhi ya wenye presha ya macho, maradhi ya moyo, au tezi dume inayozuia mkojo. Sindano nyingine, ya glukagoni, hupandisha sukari.

Wajapani wakaigeukia mentholi, ule ubaridi wa nanaa kali unaousikia kwenye dawa ya meno. Mentholi huzuia kalisiamu kuingia kwenye misuli ya tumbo, na misuli isipopata kalisiamu haikazi. Dawa yenyewe ni mililita 20 za maji yenye mentholi asilimia 0.8. Mgonjwa hainywi wala hadungwi: daktari huipitisha ndani ya mpira wa kamera na kuinyunyizia sehemu ya chini ya tumbo, mawimbi yanapoonekana. Baada ya muda mfupi hutulia.

Kichupa chetu si hicho. Ni mafuta makali, na ukiyanywa bila kuyachanganya yatakuunguza koo. Nanaa pia hulegeza kizibo kilicho kati ya umio na tumbo, asidi ikapanda, na wengi wanaotumwa kwenye kamera shida yao ni hicho hicho kiungulia. Chai ya nanaa nayo haisaidii: nanaa ya chai mara nyingi ni ile tamu, ambayo mentholi yake ni haba.

Halafu kuna kufunga. Chakula huachwa saa 6 hadi 8 kabla, kwa sababu mabaki humficha daktari na yanaweza kutapikwa yakaingia mapafuni. Fuata saa ulizopewa na hospitali. Ukiweza, vuka hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, ukapande basi siku moja kabla ya kipimo. Kufunga huku unanusa mahamri kila kituo ni mateso ya bure.

Mwambie daktari mapema kama una presha ya macho, moyo, sukari au tezi dume, na umuulize atatumia nini kutuliza tumbo. Mwenye kisukari aulize pia kuhusu dawa zake za asubuhi ile. Kipimo kikiisha na ganzi ya koo ikatoka, kama huna kiungulia, hapo chai ya nanaa ni halali yako. Hewa iliyopulizwa tumboni huacha gesi. Majani mabichi tunayo.