Fungueni Bahasha: Barua kwa Ndugu Zangu Mliofika Tampere

Wanangu, wadogo zangu, na nyinyi baba na mama mnaonizidi umri ila mmefika juzi tu,

Hamjambo. Wenyeji wa mji huu wa Ufini wangesema "moro", na wakishasema hivyo salamu imekwisha. Mimi bado ni mtu wa kuulizia nyumba, watoto na mgonjwa, kwa hiyo nivumilieni.

Mwezi uliopita nilialikwa ugali kwenye nyumba moja huko mtaa wa Hervanta. Mama mwenye nyumba alivuta droo ya jikoni atoe mwiko, droo ikakwama. Ilikuwa imejaa bahasha, nyingi hazijafunguliwa. Nilianza kucheka, kisha nikanyamaza. Droo ile naijua. Nami nilikuwa nayo, upande uleule wa jiko.

Mimi ni mtu wa Uvira. Nilipitia kambini Kigoma, na huko ndiko Kiswahili changu kilikonyooshwa kidogo, halafu nikaletwa hapa na watoto watatu. Huu ni mwaka wangu wa 19. Nimesafisha ofisi usiku, nimesoma ukubwani, nimehudumia wazee mpaka magoti yakakataa. Siwaandikii kwa sababu najua kila kitu cha nchi hii. Nawaandikia kwa sababu makosa mengi nimeshayalipia mimi, na sioni faida ya nyinyi kuyalipia tena.

Kambini tulizoea huduma itufuate. Siku ya mgao mnatangaziwa, mnapanga foleni, jina lako linaitwa, na usipoonekana jirani atakuja kukuamsha. Hapa hakuna tangazo. Ofisi inakuandikia barua, inaweka tarehe, inanyamaza. Usipojibu, faili lako linafungwa au uamuzi unatolewa bila wewe. Hakuna atakayekuja kubisha hodi kukuuliza kulikoni. Wala si kwamba wanakudharau. Kwa Mfini, kumwingilia mtu ambaye hajakuita ndiko kukosa adabu. Jirani yangu wa ghorofa ya pili tulipishana kwenye ngazi miaka minne bila neno, nikamwandika moyoni kuwa ni mbaya. Siku nilipoteleza nje ya mlango na kuvunjika kifundo cha mkono, ni yeye aliyenipeleka hospitali, akakaa pale mpaka usiku, kimya vilevile.

Sasa hizo ofisi. Kibali cha kukaa ni Migri. Namba yako ya utambulisho na anwani yako viko DVV, na ukihama una wiki moja tu baada ya kuhama ya kutoa taarifa. Msipofanya hivyo barua zitakwenda kwa mpangaji mpya, na yeye hatazifuatilia. Kodi ni Vero: chukueni kadi ya kodi kabla ya mshahara wa kwanza, kwa sababu mwajiri asipoiona anakata asilimia 60, na mtu anaona amedhulumiwa kumbe hakupeleka kadi. Kela ni pesa za msaada wa kodi ya nyumba, za watoto, za ugonjwa, za masomo. Mambo ya kutafuta kazi na mpango wa kujifunza lugha yalikuwa ya serikali kuu, tangu Januari 2025 yamekuja mikononi mwa mji. Afya nayo ilitoka mjini mwaka 2023 ikaenda kwenye mamlaka ya ustawi ya mkoa wa Pirkanmaa. Mkichanganyikiwa msijilaumu, Wafini wenyewe bado wanapiga simu mahali pasipo pake.

Juu ya hizo zote kuna namba za siri za benki. Ndizo zinazokuingiza Kela, Vero, na kwenye rekodi zako za hospitali. Anayezishika amekushika wewe mzima. Na hapa nitasema jambo ambalo halitawapendeza wengine wetu. Kuna ndugu zetu wanaojaza fomu za watu kwa euro 20, 30, na wanaomba namba hizo "ili kazi iende haraka". Wengine ni waungwana kweli. Lakini mwisho wa siku mama wa watu hajui ameomba nini, amejibu nini, wala pesa iliingia lini. Kazi akipata, Kela haijaambiwa. Baada ya miezi kadhaa inadai irudishiwe ilizolipa zaidi. Aliyejaza fomu hadaiwi. Anadaiwa mwenye jina.

Nami jina langu liliniponza. Mwaka wa pili hapa, mtu wa kwetu aliniomba nimchukulie simu ya mkataba, eti yeye bado hana karatasi. Ningemkatalia vipi, tulikula naye kambini? Miezi mitatu alilipa. Kisha akahamia nchi nyingine na simu yake. Barua zikaanza: ya kumbusho, ya kampuni ya kudai madeni, ya mahakama. Zote nikazitia kwenye droo, kwa sababu zilikuwa za Kifini na kwa sababu niliogopa. Nilipokuja kutafuta nyumba kubwa zaidi, kila mwenye nyumba alitazama kompyuta akasema samahani. Nilikuwa na ile alama ya kutolipa, maksuhäiriö wanaiita. Ukiwa nayo, nyumba shida, mkopo shida, hata mkataba wa intaneti shida. Siku hizi ukishamaliza deni alama inaondolewa baada ya mwezi hivi, zamani ilikaa miaka. Na kumbe kuna washauri wa madeni wa serikali, bure kabisa, ambao wangeniandalia malipo kidogo kidogo tangu barua ile ya kwanza. Ukiona bili huiwezi, piga simu kabla ya eräpäivä, yaani tarehe ya mwisho. Wanaongeza siku mara nyingi, bila hata kukuuliza sababu.

Lakini barua iliyoniuma zaidi haikuwa ya deni.

Binti yangu alikuwa na miaka 11. Kifini alikuwa amekinywa kama maziwa, nami nilijivunia kutembea naye ofisini. Nikawa na maumivu ya tumbo la chini, nikaenda naye kwa daktari. Daktari aliongea muda mrefu. Mtoto akanigeukia, akasema: "Mama, anasema upumzike na unywe maji." Nikaona maneno yamepungua sana njiani, ila nikanyamaza. Daktari alikuwa amesema kuna uvimbe kwenye kizazi, utatolewa, na huenda nisizae tena. Barua ya tarehe ya kupasuliwa ikaja. Nayo ikaingia kwenye droo. Tarehe ikapita. Nilikuja kupasuliwa miezi mingi baadaye, nikiwa nimepoteza damu ya kutosha. Binti alilia sana siku ile, akasema alijua tangu mwanzo, ila hakujua neno "kizazi" kwa Kiswahili na aliogopa kuniambia lile la kutozaa. Miaka 11! Mzigo ule nilimtwika mimi.

Kwa hiyo nawasihi. Mkiomba miadi ya daktari, ya Kela, ya shule, semeni palepale: nahitaji tulkki, mkalimani wa Kiswahili. Analipwa na ofisi, si na wewe. Ana wajibu wa kisheria wa kutunza siri, hata kama mnasali kanisa moja au msikiti mmoja. Kama humtaki kwa sababu ni jirani, sema, waombe wa mji mwingine kwa simu. Tena semeni Kiswahili chenu ni cha wapi. Niliwahi kuletewa mkalimani wa pwani, Kiswahili chake kitamu kama kaimati, lakini mimi nilichanganya na Kifaransa chetu na tukapotezana mara mbili kabla hatujafika kwenye ugonjwa wenyewe.

Na saa! Miadi ikiandikwa klo 9 ni saa tatu asubuhi. Nimemwona baba mzima amefika saa tisa alasiri, amevaa koti zuri, na mtu wake ameshakwenda nyumbani. Usipofika kwa daktari bila kufuta miadi unatozwa zaidi ya euro 50.

Ya dharura ya kufa na kupona ni 112. Homa ya usiku au mguu uliovimba, piga kwanza 116117, watakuambia uende wapi au usubiri asubuhi. Wajawazito waende neuvola, yaani kliniki ya wajawazito, mapema, kabla ya mwezi wa nne kwisha. Si kwa afya tu: bila hivyo mnakosa lile boksi la uzazi lenye nguo za mtoto, ambalo nchi hii imekuwa ikiligawa tangu 1938. Wangu wa mwisho nilimpata kabla ya kupasuliwa, alilala ndani ya boksi lile miezi mitatu, na mama yangu nilipomtumia picha akauliza kama tumeshindwa kununua kitanda.

Shule ni jepesi: ni bure, chakula cha mchana ni bure, mkiwaambia nguruwe hamli wanaandika. Zito ni Wilma. Hiyo ni programu ambamo mwalimu anamwandikia mzazi. Mzazi, nimesema. Kuna nyumba nazijua ambako namba ya siri ya Wilma anayo mtoto, na mtoto huyo anajiandikia mwenyewe ruhusa za kukosa shule, kwa Kifini safi chenye heshima kuliko cha baba yake.

Kwenye jengo mnakoishi kuna kimya kuanzia saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi. Sherehe zinaruhusiwa, bandikeni karatasi kwenye ngazi siku mbili kabla. Chumba cha kufulia kina orodha, jiandikisheni, na msiguse zamu ya mwingine. Mfini anaweza kusamehe mengi lakini si zamu yake ya kufua. Sauna nayo ina zamu. Msiiogope. Mji huu unajiita mji mkuu wa sauna duniani, na ile ya Rajaportti kule Pispala inawashwa tangu 1906. Wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Mimi ilinichukua miaka sita kuingia, na maneno ya Kifini niliyopata mle ndani yanazidi ya kozi nzima, kwa sababu humo ndimo wanamosema. Makopo na chupa msitupe, mnarudishiwa pesa: kopo senti 15, chupa ya plastiki inayozidi lita moja senti 40, mnarudisha kwenye mashine dukani.

Desemba jua linatoka kama saa nne kasoro asubuhi, saa tisa alasiri limekwisha kuzama. Kunyweni vitamini D, na vaeni kile king'arishi cha kuning'inia kwenye koti, kinachorudisha mwanga wa gari. Ni sheria kwa mtembea kwa miguu gizani, na dereva hatakuona bila hicho, hasa sisi. Mkiona mmoja wenu ameacha kupokea simu mwezi wa kumi na moja, nendeni kwake. Hapo msifuate adabu ya Kifini. Bisheni hodi.

Kuna watakaowatukana, sitawaficha. Mara nyingi ni mlevi kwenye tramu au nysse, ndivyo basi linavyoitwa hapa, kutokana na maneno yao ya "sasa linakuja". Ikiwa ni tusi, hameni kiti. Ikiwa ni vitisho au mkono, andikeni saa na namba ya gari, mkaripoti polisi, na mwombe mkalimani huko pia.

Wanaotamani ndagala: kuna samaki mdogo wa maziwani anaitwa muikku. Kaangeni na unga na chumvi, mle na vichwa. Nilipomwonja mara ya kwanza sokoni nilikaa kwenye benchi nikatazama ziwa muda mrefu, nikajifanya ni Tanganyika. Sokoni Tammelantori pia wanauza soseji nyeusi, wanajivunia sana. Imetengenezwa kwa damu ya nguruwe, mjue kabla hamjakaribishwa.

Jumamosi mchana huwa nipo maktaba ya Hervanta, meza ya karibu na magazeti. Njooni na bahasha zenu kama zilivyo. Kisu cha kufungulia ninacho, chai nitakuja nayo kwenye chupa, na tutasoma pamoja moja baada ya nyingine. Simu mtapiga wenyewe, mimi nitakaa pembeni.

Wenu,
Mama wa Uvira