Barua kwa mwanangu aliye Roma

Mwanangu mpenzi,

Salaam sana. Huku Malindi hatujambo, goti la baba yako limetulia kidogo.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Unasema bibi unayemtunza humsifu Meloni, yule mwanasiasa wa huko wa mrengo wa kulia, kila taarifa ya habari ikianza, nawe ukajikuta unaitikia: akipanda mwanamke tumepanda sote. Kisha ukaniuliza kama mtu anaweza kuwa mfeministi, yaani mtetezi wa haki za wanawake, na huku akafuata siasa za utaifa za mrengo wa kulia.

Nisimnyime Meloni haki yake. Alilelewa na mama peke yake mtaa wa Garbatella, akawa waziri akiwa na miaka 31, na Oktoba 2022 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza serikali ya Italia. Novemba 2025 bunge lao, wapinzani pamoja na upande wake, lilipitisha sheria ya kumfunga maisha mtu anayemuua mwanamke kwa sababu tu ni mwanamke. Sheria hiyo inakulinda hata wewe. Nilipoisikia nilifurahi sana.

Lakini rudi nyuma hadi 2009. Serikali ya Berlusconi, ambayo Meloni alikuwa waziri wa vijana ndani yake, ilifanya kukaa Italia bila karatasi kuwa jinai. Kiangazi kile kile ikafungua mlango mdogo: wafanyakazi wa nyumbani na mabadante, yaani watunza wazee, wapatiwe karatasi. Mvuna nyanya hakufunguliwa, wala mjenzi. Walijua binti wa Kiitaliano hawezi kutoka kwenda kazini asubuhi mpaka mwingine ameingia kumwogesha mamake. Huyo aliyeingia ni mtu kama wewe, na sijasikia akitajwa wanaposimulia mafanikio ya wanawake wao.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa vyote viwili, mwanangu, na wapo wengi. Ila haki wanazozitetea huishia mpakani, na mara nyingine wewe ndiye unayetajwa kuwa hatari yenyewe. Mwanzoni mwa 2016, baada ya wanawake kushambuliwa mjini Cologne, Ujerumani, usiku wa mwaka mpya, Marine Le Pen, mwanasiasa wa mrengo huo huo huko Ufaransa, aliandika kwamba wimbi la wahamiaji linaashiria mwanzo wa mwisho wa haki za wanawake. Mwaka 2022 akigombea urais aliahidi kumtoza faini mwanamke atakayevaa hijabu barabarani. Sielewi unamkomboaje mtu kwa kumtoza faini.

Miaka niliyofundisha historia nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi habari za Lord Cromer. Aliitawala Misri kwa niaba ya Uingereza hadi 1907, akiwalaumu Waislamu kwamba wanawadhalilisha wanawake kwa kuwafunika. Aliporudi kwao akaongoza chama cha wanaume waliopinga wanawake wa Kiingereza kupewa kura.

Utaifa wenyewe siuchukii, na usije ukanielewa vibaya. Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama hapa hapa kwetu mwaka 1913 wawakatalie Waingereza, akapelekwa uhamishoni Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Yeye alitetea kwao dhidi ya mgeni aliyekuja na bunduki. Wewe umekwenda na mkoba mmoja, kumlisha mzee supu.

Juni 2025 Waitaliano waliulizwa kama mgeni aweze kuomba uraia baada ya miaka 5 badala ya 10. Meloni alifika kituoni akakataa kuchukua karatasi za kura, na waliojitokeza hawakutosha kuipa kura hiyo nguvu. Wewe sasa una miaka saba huko. Kama wangekubali, ungekuwa umeshapeleka maombi.

Bibi unayemtunza usigombane naye. Anakupenda, najua, na sauti yake nimeisikia ikikuita jina lako vizuri. Siku akimsifu Meloni tena, mweleze hilo la miaka saba, kwa upole, halafu umsikilize atakavyojibu. Nipigie Jumapili uniambie alichosema.

Mama yako