Barua ya wazi kwa akina mama wa dagaa, Kibirizi na Katonga, Kigoma

Mabinti zangu,

Salaam nyingi. Mabishano yenu ya kwenye vichanja nayafahamu: huyu anasema kupima saratani ya matiti ni kujitafutia ugonjwa, yule anasema kila mwanamke akapigwe picha. Mmechanganya mambo mawili, na mchanganyiko huo ndio unaotuchelewesha.

Mwanamke asiye na dalili yoyote ana hiari. Aliyekwisha kugusa kivimbe hana tena la kujiuliza, huyo anakwenda kituoni wiki hiyohiyo.

Nianze na mwenye hiari. Picha ya mammografia, yaani eksirei ya matiti, ina faida na ina gharama zake. Mwaka 2012 jopo la wataalamu wa Uingereza lilipiga hesabu hivi: wanawake 10,000 wakiitwa kupimwa kuanzia miaka 50, kwa miaka 20, vifo 43 vya saratani ya titi vinazuilika. Lakini wengine 129 wanatibiwa saratani ambayo isingewasumbua maishani mwao, na wakati wa kupima hakuna awezaye kujua ni akina nani. Kwa hiyo anayechagua picha ana akili, na anayesema hapana baada ya kusikia hesabu hii msimwite mjinga. Kwa binti wa miaka 25 picha hiyo husaidia kidogo, kwa kuwa titi changa ni zito na uvimbe hujificha ndani ya weupe wake kwenye picha.

Kipo kipimo kingine kisichohitaji mashine, nacho ni mikono ya mhudumu aliyefundishwa. Huko Mumbai, India, wanawake walipimwa kwa mikono kila baada ya miaka miwili, wakafuatiliwa kwa miaka 20. Matokeo yaliyotoka 2021 yalionyesha kwamba kwa waliofika miaka 50 vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya hapo havikupungua. Basi mama aliyetimiza 50 ndiye ninayemsukuma hasa. Pia yule ambaye mama yake au dada yake wa damu aliugua akiwa bado kijana, huyo asingoje umri, amweleze daktari mapema.

Siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imelala, ndizo za kwenda. Ukitaka mhudumu wa kike, sema mapema. Ni haki yako. Na mjue mkono mzuri unavyofanya kazi. Kwanza anakutazama umekaa, mikono kiunoni, kisha imeinuliwa juu. Halafu unalala, mkono nyuma ya kichwa. Anatumia matumbo ya vidole vitatu vya kati, siyo ncha, akizungusha viduara vidogo: juujuu, katikati, kisha kwa kina hadi kuhisi mbavu. Anapanda na kushuka kama anayepalilia matuta, kutoka mfupa wa kifua hadi kwapani, kutoka mtulinga hadi chini ya mkunjo wa titi. Kwapa na juu ya mtulinga lazima viguswe. Akibonyeza mara mbili tatu juu ya nguo akasema uko salama, hujapimwa. Mwombe arudie.

Sasa mwenye dalili. Kivimbe kigumu, ngozi iliyoingia vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani hivi karibuni, damu kwenye chuchu, kidonda cha chuchu kisichopona. Wengi wanangoja hadi kivimbe kiwaume ndipo waende, na hapo ndipo tunapopotea, kwa maana saratani ya titi mwanzoni kwa kawaida haiumi. Anayenyonyesha naye huambiwa ni maziwa yameganda, akapewa dawa. Sawa, lakini wiki mbili zikipita uvimbe upo palepale, adai kipimo cha ultrasaundi. Asikubali dozi ya pili ya dawa zilezile.

Picha peke yake haisemi kama ni saratani. Kinachosema ni kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kilichotolewa kwa sindano nene. Maneno kwamba sindano inatawanya ugonjwa yamewarudisha wengi nyumbani, nami nawaomba myaache kabisa. Uliza kinyama kinapelekwa maabara gani, majibu yanatoka lini, na kama watapima pia vipokezi vya homoni, yaani sehemu za chembe za saratani zinazopokea homoni za mwili, maana dawa huchaguliwa kwa hivyo. Andika namba ya sampuli kwenye daftari lako. Shirika la Afya Duniani linataka tangu mgonjwa anapofika mara ya kwanza hadi majibu kamili zisipite siku 60. Zihesabu mwenyewe, usimwachie mtu.

Rufaa ikitoka hospitali yetu ya mkoa, Maweni, kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kinachokwamisha mara nyingi ni nauli na ruhusa. Mume yuko ziwani, mama mkwe anasema tungoje arudi. Haya yasemwe nyumbani leo, kila mtu akiwa mzima. Na katika vikundi vyenu, andikeni kwenye katiba ya kikundi kwamba mwenye karatasi ya rufaa ya titi anapewa kutoka mfuko wa jamii nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, siku hiyohiyo, bila kungoja kikao. Mweka hazina awe na idhini hiyo kabla msimu haujaanza.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu, Ujiji